Herufi Moja Haitoshi: Ilani ya Mpofi

Kwenye buletini za shule zetu za Kongo, chini ya hesabu na Kifaransa, kuna mistari miwili ambayo mzazi huipitia haraka akitafuta asilimia: aplikasio, yaani bidii, na konduite, yaani mwenendo. Hapo mwalimu haweki alama, anaweka herufi. E kwa mtoto wa mfano, kisha TB, B, AB, na ikishuka chini ya hapo mzazi anaitwa ofisini kwa direkta. Herufi ya konduite ndiyo karibu yote ambayo shule huandika kuhusu namna mtoto anavyoishi na watu. Mwaka mzima wa kucheza, kugombana, kubeba wadogo mgongoni, kupigwa, kupatanishwa na kukimbilia msituni unaingia ndani ya kibanda kisichozidi upana wa kidole.

Sisi tunaotia sahihi na vidole chini ya ilani hii ni walimu wa msingi na sekondari, wauguzi wa vituo vya afya, wareko wanaotembelea nyumba kwa ajili ya afya, akina mama wa vikundi vya akiba vya AVEC, wakatekista, wachungaji, motari wa pikipiki, wazee wa baraza, na vijana, wakiwemo waliopita katika makundi ya silaha. Tunaishi Mpofi, kwenye barabara inayotoka Masisi kupitia Nyabiondo kuelekea Walikale. Ukiuliza Mpofi iko teritwari gani, utasikia wengine wakitaja Masisi na wengine Walikale, na kwa jambo letu mpaka huo hauna kazi, maana mtoto anayekimbia risasi hasimami kuuliza mpaka uko wapi. Tunaongea Kihunde, Kinyanga, Kitembo, Kinyarwanda. Kiswahili kinatukutanisha sokoni na kwenye kilio. Harakati yetu haina jina bado. Tulibishana juu ya jina hadi jua likachwea, tukaona kazi inasubiri.

Ilani hii pia haina upande wa silaha. Januari 2025 wapiganaji wa M23 waliingia Masisi-Centre, kisha Goma. Machi wakafika Walikale, na mwezi uliofuata wakaondoka hapo. Kabla yao walikuwepo wengine, na majina yao tunayajua sote. Kila anayeshika barabara anawatazama watoto wetu kwa hesabu yake: huyu anataka kuwachukua, yule kuwasaidia, mwingine kuwaandika kwenye ripoti. Hatumwombi yeyote kati yao ruhusa ya kuwajua watoto wetu.

Tunachosema ni hiki. Mtoto anaishi na watu kwa namna nyingi kwa wakati mmoja, na kila upande wa maisha hayo unataka kuangaliwa peke yake, kwa lugha inayosemwa nyumbani kwake, na watu wanaomwona kila siku. Anayezikusanya pande zote akatoa alama moja, awe mwalimu, daktari au ajenti wa ONG, yaani shirika lisilo la kiserikali, ametuficha mtoto mwenyewe.

Watoto wawili tunaowajua sote

Mchukueni kijana ambaye kila mwalimu wa huku amewahi kumfundisha. Ana miaka 15. Alitoka pori, tunasema hivyo tu, na mwenye adabu haulizi pori la nani. Shuleni anafika wa kwanza. Mwalimu akiingia, yeye ameshasimama wima. Akiambiwa afute ubao, anafuta mpaka kona. Konduite yake ni E, na mwalimu anawaambia wengine wamwige.

Kwa shangazi yake habari ni nyingine. Hali sahani moja na wadogo zake; anamega bugali wake, anajitilia sombe, anakwenda kukaa mahali anapouona mlango. Wenzake wakicheza mpira wa majani ya migomba anasimama pembeni, na siku moja alipoingia uwanjani walimtoa kwa sababu alikuwa anavunja watu miguu. Akitumwa sokoni anarudi na kila alichotumwa, na chenji yote hadi faranga ya mwisho. Na mdogo wake wa miaka mitatu akilia usiku, anayeamka ni yeye.

Mpeni huyu alama moja tuone. Utii ule ambao shule inausifu aliufundishwa na komanda, kwa fimbo. Uaminifu wa kutumwa anao. Kucheza hawezi. Kugombana bila kuumiza hawezi. Kumtunza mdogo anaweza kuliko watu wazima wengi. Mtu anayetaka kumsaidia aanzie wapi? Sisi tunasema aanzie kwa mdogo anayelia usiku, kwa sababu hapo tayari kuna mtu anayemhitaji naye anaitika. Herufi E haikutuonesha mlango huo. Na neno "trauma", ambalo siku hizi hata watoto wadogo wa Masisi wanalijua, halikutuonesha pia.

Wa pili ni msichana wa miaka 16 aliyerudi na mtoto mgongoni. Anauza mawese na ndizi kando ya barabara, anakumbuka madeni ya wateja wote bila kuandika, na mtoto wake hajakosa chanjo hata moja. Wasichana wa rika lake hawamsuki nywele tena. Kwenye kwaya amewekewa nafasi ya nyuma, halafu nafasi hiyo nayo ikapotea. Fomu ikija itaandika kwamba "amejitenga". Tunauliza: nani aliyejitenga? Kitendo cha watu ishirini kimeandikwa kwenye jina la msichana mmoja, kikaitwa dalili yake.

Ndiyo maana tunaapa kuupima mji pia. Kule Sierra Leone, Theresa Betancourt na wenzake waliwafuata kwa miaka watoto waliopita kwenye majeshi ya vita vilivyoisha mwaka 2002. Waliopokelewa na jamaa na majirani waliendelea vizuri zaidi, na waliobaguliwa waliendelea vibaya, hata pale yaliyowapata vitani yalipofanana. Kwa hiyo kila ukurasa wa mtoto katika daftari tutakaloandika utakuwa na upande wa pili, wenye maswali kuhusu sisi. Je, kuna nyumba inayomwita kula? Nani amemtukana mwezi huu, na mzee gani alinyamaza? Shule ilimfungulia mlango? Zipo sehemu ambazo mtoto hafiki, si kwa kushindwa, ila kwa sababu njia ina baryeri ya wenye silaha na wasichana wanajua kinachotendeka kwenye baryeri. Hilo liandikwe kwa jina lake.

Fomu zilizotutangulia

Hatudai kwamba dunia ilikuwa imelala ikitungoja. Mwaka 1935 Edgar Doll, huko Vineland katika jimbo la New Jersey, Marekani, alitoa kipimo cha ukomavu wa mtoto kati ya watu, akiuliza mama mambo mtoto anayoyafanya kweli badala ya kumfungia mtoto chumbani na mafumbo. Wazo hilo tunalipokea kwa mikono miwili. Maswali yake mengine, ya kisu cha mezani na ya kupiga simu, tunayaacha kwake.

Mwaka 1983 kikaja kipimo cha daktari cha 1 mpaka 100, namba moja ya kumweleza mtoto mzima. Kwa daktari mwenye wagonjwa arobaini mlangoni ni haraka, na tunaelewa haraka. Lakini kwa kijana wetu wa hapo juu ingetoka namba ya katikati, na mtoto wa katikati hayupo. Kujumlisha uaminifu wake sokoni na ukali wake uwanjani ni kujumlisha mbuzi na kilomita.

Robert Goodman wa Uingereza alifanya vizuri zaidi mwaka 1997. Karatasi yake ina sentensi 25 zilizogawanywa katika mafungu matano: huzuni na hofu, tabia mbaya, kutotulia, shida na wenzake, na wema kwa wengine. Fungu la tano ndilo tunalolipenda, kwa kuwa fomu nyingi zilizofika Kivu zinauliza mabaya tu, kana kwamba mtoto wa vita hana kitu kizuri cha kuandikwa. Anajaza mzazi, anajaza mwalimu, na kijana kuanzia miaka 11 anajijazia mwenyewe.

UNICEF na Kundi la Washington nao mwaka 2016 walimaliza maswali yao ya kuhesabu watoto wenye ulemavu. Kwa wenye miaka 5 hadi 17 wanauliza macho, masikio, miguu, kumbukumbu, kujizuia, hofu na mengine, na majibu mengi ni ngazi nne, kuanzia hakuna shida hadi hawezi kabisa. Kwa kazi hiyo yanafaa. Ila urafiki umepewa swali moja tu: je, mtoto ana shida ya kupata marafiki? Mama mmoja wa hapa alipoulizwa swali hilo kuhusu mwanawe wa miaka 14 alijibu, "Marafiki ndio shida." Aliyeuliza hakupata pa kuliweka jibu hilo. Huku kwetu kijana hachukuliwi porini na mgeni mara nyingi. Anaitwa na rafiki aliyetangulia. Kipimo kinachohesabu marafiki bila kuuliza marafiki hao wanakwenda naye wapi kitampa alama nzuri kijana siku tatu kabla hajapotea.

Maumivu ni kitu kimoja, kuishi na watu ni kingine

Hili tunaliwekea mkazo kwa sababu mashirika mengi yanalichanganya. Mtoto anaweza kuota ndoto za risasi kila usiku na asubuhi akaenda shule, akacheza, akagawa muwa. Mwingine halii, haoti, haumwi, na hana hata mtu mmoja wa kukaa naye.

Ushahidi uko karibu nasi. Katika kambi mbili za wakimbizi wa ndani karibu na Gulu, kaskazini mwa Uganda, Paul Bolton na wenzake waliwachukua vijana 314 wenye miaka 14 hadi 17. Wengine walikutana vikundini kuzungumza juu ya huzuni na mahusiano yao, wengine walipewa michezo ya ubunifu, wengine walisubiri. Matokeo yalitoka mwaka 2007. Wasichana waliozungumza vikundini walipungukiwa na huzuni kwa kiasi kikubwa. Kwa wavulana tofauti haikuwa wazi. Lakini kwenye kipimo cha shughuli za kila siku na kile cha tabia, hakuna kundi lililosogea. Kama wangepima huzuni peke yake wangerudi nyumbani wakishangilia. Kwa kuwa walipima pande zaidi ya moja, walijua kazi iliyobaki.

Watu haohao walituachia njia ambayo tunaichukua nzima. Bolton, katika Rwanda na Uganda, hakuja na orodha ya shughuli. Aliwauliza wanakijiji: mwanamke hufanya nini kila siku kujitunza, kuitunza familia, na kushiriki na majirani? Mwanaume je? Yaliyotajwa na wengi yakawa maswali. Kwa Waacholi wa huko Gulu, kipimo cha shida za watoto kilijengwa kutokana na majina ambayo Waacholi wenyewe wanayapa mateso ya moyo, na baadaye kipimo kilichotokana na hicho kikatumika huku kwetu Kongo kwa wavulana waliotoka jeshini na wasichana waliodhulumiwa. Huko Ituri nako, Cindy Mels na wenzake walikaa na watu wa Bunia kurekebisha vipimo vya vijana kwa Kiswahili na Kifaransa kabla ya kuvitumia. Kwa hiyo anayetuambia kwamba kutengeneza kipimo na wanakijiji ni ndoto, tunamwomba apande basi hadi Bunia.

Pande tunazoanza nazo

Kwanza, kutumwa. Wakipsigis wa Kokwet, Kenya, walipochunguzwa na Sara Harkness na Charles Super miaka ya 1970, walionekana kuitambua akili ya mtoto nyumbani: anayefanya linalotakiwa bila kukumbushwa. Robert Serpell aliona jambo la namna hiyo kwa Wachewa wa Zambia, alipowauliza wazee ni mtoto yupi wangemtuma kwa shughuli fulani na kwa nini. Mpofi hakuna bibi atakayeshangaa. Maji ya chemchemi, kuni, chumvi ya mkopo, ujumbe wa kilio unaopaswa kufika kwa maneno yaleyale: haya tunayapima kwa umri na kwa msimu, maana mtoto wa miaka 9 hatumwi usiku, na wakati wa mavuno ya maharage hakuna anayecheza.

Pili, wenzake. Hapa tunakwenda polepole. Tangu Jacob Moreno alipotoa kazi yake mwaka 1934, watu wamepima urafiki kwa kumwuliza kila mtoto angependa kukaa na nani. Njia hiyo ilizaa ugunduzi mzuri: mtoto anayekataliwa na wenzake na mtoto asiyetajwa na mtu yeyote ni watoto wawili tofauti. Wa kwanza anaingia kwenye mchezo na kufukuzwa. Wa pili hata akikosa siku nne hakuna anayesema, "Yuko wapi?" Mwalimu anamwona wa kwanza kila siku, wa pili anamsahau hata yeye. Tutauliza nani unapenda kucheza naye, nani unamwamini akuwekee kitu chako. Hatutauliza kamwe nani humpendi. Katika mji ambapo majina ya makabila yamewahi kuua, kumpa mtoto karatasi aandike majina ya wasiopendwa ni uovu, hata kama swali limetoka kitabuni.

Tatu, ugomvi na mapatano. Tunataka kujua mtoto anafanya nini baada ya kupigana: anarudi, anatuma mwenzake amsemee, anaomba radhi, anangoja kisasi? Kupigana peke yake hakutuambii kitu. Watoto wote wanapigana. Tunaangalia saa na siku zinazofuata.

Nne, wakubwa, na hapa tulikosana kweli. Wazee walitaka heshima: salamu, kusikia, kutomkatiza mtu. Vijana wakaongeza jambo ambalo halimo katika fomu yoyote tuliyoiona: uwezo wa kukataa. Mwanaume mwenye bunduki akikwambia umbebee kifurushi hadi kilima cha pili, mtoto mtiifu ndiye anayebeba. Mzee mmoja alisema tunataka kufundisha ukaidi. Mama mmoja akamjibu kwamba mwanawe alikuwa mtiifu sana, na hakusema zaidi. Swali limeingia: je, mtoto anajua kukataa kwa adabu, kukimbia kwa wakati, na kumwambia mtu mzima anayemwamini?

Kisha kuna maisha ya kundi: kwaya, kazi za pamoja za salongo, sala, kukaa kwenye kilio bila kucheka. Na kuna shule, ambayo tayari ina vipimo vya kutosha. Tumeiwekea maswali mawili tu.

Wanyanga wana shujaa wao, Mwindo, ambaye mzee Rureke alimsimulia kwa Daniel Biebuyck, na kitabu kikatoka mwaka 1969 pamoja na Kahombo Mateene. Mwindo alitembea siku aliyozaliwa, akaongea siku aliyozaliwa, akamshinda baba yake. Kwa kipimo cha nguvu angepata 100 kwa 100. Simulizi haliishii hapo: Nkuba, yaani Radi, anamchukua juu, anamtesa kwa baridi, jua na kiu, kwa kuwa majivuno yake yalimfanya asiweze kukaa na viumbe wengine, na anarudishwa kuwa mwami baada tu ya kujifunza. Babu zetu hawakuwa na karatasi, lakini walitenganisha pande.

Nani aulizwe, na kwa namna gani

Mwaka 1987 Thomas Achenbach na wenzake walikusanya tafiti 119 ambamo watoto walipimwa na watu tofauti. Mahali ambapo 1 ni kukubaliana kabisa, watu wa nafasi moja, kama baba na mama, walikaribiana kwa 0.60. Watu wa nafasi tofauti, kama mzazi na mwalimu, 0.28. Mtoto mwenyewe na hao wengine, 0.22. Wengine huzisoma namba hizi wakasema watu hawaaminiki. Sisi tunazisoma hivi: mtoto ni mwingine nyumbani, mwingine darasani, mwingine akiwa peke yake. Kwa hiyo kila mtoto atakuwa na mashahidi wasiopungua watatu, mmoja wa nyumbani, mmoja wa nje na yeye mwenyewe, na majibu yakigongana hatutayasawazisha. Yatakaa kando kwa kando, na mahali yanapogongana ndipo tutakaporudi kuuliza.

Hatutatumia karatasi mbele ya mama asiyesoma akajiona mjinga. Anayeuliza anaweka chini vikundi vinne vya maharage: pasipo punje, punje moja, punje tatu, kiganja. Anasema, "Mama, mtoto wako anashindwa mara ngapi kurudi kucheza na aliyegombana naye?" Mama anagusa kikundi. Tukifanya hivyo Jumatatu, mwingine asiyejua jibu la kwanza anafanya tena Alhamisi. Majibu yakipishana sana wakati mtoto hajabadilika, swali ni bovu, linatupwa. Na kabla ya kuliamini swali lolote, tutawaomba watu wachache wanaoujua mji watuambie, kila mtu kwa siri yake, watoto gani wanawaona wanaishi vizuri na watu na gani wana shida. Swali lisiloweza kuwatofautisha hao halina kazi hata kama limetoka Geneva.

Maswali yatatungwa kwa lugha zetu zote na kwa Kiswahili tangu mwanzo, watungaji wakikaa pamoja. Majirani zetu wa Kenya, Uganda na Tanzania, katika mradi wa ALiVE, walikwenda kwanza vijijini kuwauliza wazazi na vijana wanamaanisha nini wakisema heshima au ushirikiano, ndipo wakawapima makumi ya maelfu ya vijana wa miaka 13 hadi 17 nyumbani kwao, walio shuleni na wasio shuleni. Hilo la mwisho kwetu ni sharti. Kipimo cha shule peke yake kitawaacha walio kwenye mashimo ya madini na walio kando ya barabara na jagi la mawese.

Daftari

Jina la mtoto halitaandikwa pamoja na majibu yake. Kutakuwa na namba, na anayejua namba ni ya nani ni watu wawili waliochaguliwa na baraza, mmoja mwanamke. Jina la kundi la silaha, la komanda, la kijiji alikotolewa, halitaandikwa mahali popote. Orodha ya watoto waliotoka pori ikianguka mikononi mwa wenye silaha inakuwa orodha ya kuwaita tena. Tukisikia milio karibu, daftari linachomwa kwanza, na hatutalililia.

Hakuna mtoto atakayenyimwa shule, kifurushi cha msaada, ubatizo au ndoa kwa sababu ya ukurasa wake. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 inamwita mtoto kila mwenye umri chini ya miaka 18 na inakataza kumwingiza jeshini. Tutaibeba kila mara mtu atakapotaka kuutumia ukurasa kumhukumu mtoto badala ya aliyemchukua.

Tunachodai

Kwa idara ya elimu ya mkoa tunadai kwamba mstari wa konduite ufutwe na nafasi yake ichukuliwe na sentensi nne za mwalimu, bila asilimia. Lakini tunajua kwamba tangu elimu ya msingi ilipotangazwa bure Septemba 2019 madarasa yamejaa hadi dirishani, na walimu wengi wapya wanafundisha bila mshahara. Hatutaki kumbebesha mwalimu asiyelipwa kazi ya mwanasaikolojia. Alipwe kwanza.

Kwa vyuo vikuu vya Goma, UNIGOM na ULPGL, tunadai wanafunzi wa saikolojia waje kwa staji huku barabara inapokuwa wazi, walale kwetu, na watufundishe hesabu ya kukagua maswali. Sisi tutawafundisha maswali. Kwa kanda za afya tunadai titulere, yaani muuguzi mkuu wa kila kituo, ajue kumtambua mtoto ambaye tumefika mwisho wa uwezo wetu naye, na apewe nauli ya kumfikisha kituo cha afya ya akili cha Tulizo Letu, Goma. Si kila kitu kinaponywa na baraza.

Kwa ONG tuna sharti moja. Kila anayeuliza watoto wetu maswali atasoma majibu hapa, kwa Kiswahili, mbele ya baraza, kabla ripoti haijafika Kinshasa au Ulaya. Wameshapita wengi na tableti zao, wakauliza, wakatoa sabuni, wakaondoka, na hatujui mpaka leo tuliwaambia nini. Asiyerudisha majibu ya mwanzo hatapewa majibu ya pili, hata akija na sabuni mbili.

Mambo hayajaisha kati yetu. Bado hatujakubaliana kama watoto wenyewe wasimame barazani kutunga maswali au wakae peke yao na mtu mmoja wanayemchagua. Bado kuna wanaume wanaotaka msichana wa miaka 15 anayekataa kuolewa aandikwe kuwa na shida na wakubwa; hao tumewashinda kwa kura, na wanasema watarudi. Anayetaka kujiunga nasi aje na swali moja kuhusu mtoto mmoja anayemfahamu, swali ambalo jibu lake hakulijua alipoondoka nyumbani. Fomu zilizochapishwa aziache Goma.